Nilimwapisha Fundi wa Ndege Anyamaze

Sifa njema ni zake Mola aliyenipa umri mrefu kuliko nilivyostahili, akanipa ulimi wa kufundishia dini yake, kisha akanionyesha kuwa ulimi huo huo niliutumia kuificha. Namshukuru kwa kuniacha hai mpaka niandike haya. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu msomaji, nimekosa. Silisemi hili kwa kujinyenyekeza tu, kama sisi wazee tunavyofanya tukianza hotuba. Nimefanya kosa lenye makaburi. Jina langu sitalitaja. Wanaonijua huku Kipawa wameshanijua, lakini wanafunzi wangu wametawanyika kila mahali, na sitaki mmoja wao aone haya kwamba alisoma kwangu. Jina la kampuni nalo sitalitaja, maana walishalibadilisha. Nikilitaja la zamani halitamsaidia mtu.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na baada ya Alasiri nasomesha darsa la akina mama. Nyumba yangu iko karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikiruka nanyamaza katikati ya aya mpaka ipite. Wanafunzi wamezoea. Wanabaki na vidole vyao juu ya neno, wananingoja.

Ilipokuja ruksa ya biashara, kila mwenye mtaji alifungua alichotaka. Wengine walifungua maduka, wengine wakaleta mabasi. Akaja Mchina mmoja, tajiri binafsi, si mtu wa serikali yao, akaleta ndege mbili za abiria. Yeye mwenyewe tulimwona mara mbili tu. Kazi yote ilikuwa mikononi mwa meneja wake, Mswahili mwenzetu wa hapa hapa, anayesali safu ya kwanza. Nasema hili mapema ili asije mtu akadhani nalaumu kabila. Aliyenipofusha alikuwa akinipa salamu ya Kiislamu kila asubuhi.

Ndege zenyewe zilikuwa fupi, nene, za panga boi mbili, na miguu yake haikunjwi. Vijana wa kahawa wakaziita Kiberiti.

"We ukipanda Kiberiti usikae karibu na mvuta sigara," mmoja alisema.

"Mie napanda," mwenzake akajibu. "Kwani basi la kusini linanifikisha? Mwaka jana nilikwenda kumzika shangazi, nikafika wanakula arobaini."

Walicheka, lakini hilo lilikuwa kweli. Masika ikishika, barabara ya kusini ilikatika kule Rufiji. Watu wa Lindi na Mtwara wanaoishi Temeke na huku kwetu walikaa wiki mbili wakingoja matope yakauke, na kwao maiti imeshazikwa na matanga yameshaanuliwa. Kiberiti kiliwafikisha asubuhi moja. Kwa hiyo walikipenda, na nawaelewa.

Mimi nilikipenda kwa sababu nyingine. Msikiti wetu haukuwa na maji. Tulitawadha kwa maji ya madumu yaliyoletwa na mikokoteni. Kampuni ikatuchimbia kisima, ikatia na pampu. Siku maji yalipotoka nililia mbele ya watu. Tangu siku ile meneja akisema neno, mimi nilikuwa nimeshalikubali kabla hajalimaliza.

Ndege ya kwanza ilipofika, alinichukua nikaisomee dua. Nilivua viatu, nikasimama chini ya bawa na chetezo mkononi, wakanipiga picha. Picha hiyo waliitundika ofisini kwao, kando ya cheti chenye fremu kilichosema kwamba kampuni haijawahi kupata ajali hata moja. Abiria akiuliza kama ndege ni salama, meneja alimwonyesha cheti kwa kidole kimoja na mimi kwa kidole cha pili.

Sasa nimlete fundi. Nitamwita Issa, ingawa si jina lake. Ni mtu wa kusini, mpole, alisoma kwangu tangu akiwa mdogo, na mkewe alikuwa katika darsa langu. Kampuni ilimwajiri awe chini ya fundi wao mkuu, Mchina mmoja mzee aliyemfundisha kazi kwa vidole na kwa kuchora sakafuni. Walipendana sana. Halafu ghafla yule mzee akarudishwa kwao, na Issa akabaki na ndege mbili.

Haikupita muda, Ijumaa moja baada ya sala, Issa alisimama nje ya msikiti akawaambia watu, "Msipande ile yenye mstari wa bluu. Nawaombeni. Msiipande."

Kesho yake meneja alikuwa barazani kwangu. "Maalim, mwanao huyu anatia fitina. Anakata riziki za watu. Na hiki kisima, mwenye kampuni akisikia mtaa mzima unamtukana, atakuwa na moyo wa kukitazama tena?"

Nikawaita wote wawili baada ya Alasiri. Ndiyo desturi yetu. Watu wakigombana, hatukimbilii polisi. Wanakaa kwa mzee, wanasema, wanapeana mikono, yanakwisha. Nimesuluhisha ndoa, mipaka ya viwanja, hata mbuzi aliyekula kanga. Nilidhani na hili ni la namna hiyo.

"Sema, Issa," nikamwambia.

"Maalim, mguu wa kushoto una ufa. Yule mzee wa Kichina aliuona kabla yangu. Akauzungushia chaki, akakataa ndege isiruke. Asubuhi tukakuta chaki imefutwa na ndege imekwenda Mtwara. Akauzungushia tena. Ikafutwa tena. Mara ya tatu wakamkatia tiketi ya kurudi kwao."

Meneja akatabasamu. "Huyo mzee alikuwa mgonjwa. Na wewe fundi, hebu tuambie, kampuni hii imewahi kuangusha ndege?"

"Sijasema imeangusha."

"Cheti si umekiona pale ofisini? Haijawahi kupata ajali."

"Haijawahi kuandika ajali," Issa akasema. "Tairi lilipasuka Mafia, halikuandikwa. Injini ilizimika juu ya bahari, haikuandikwa. Daftari la hitilafu ni jeupe kama sanda, Maalim."

Nikamkemea kwa neno hilo la sanda. Nikalishika neno nikaliacha jambo. Nikamuuliza meneja kama ataikagua ndege, akasema, "Inshallah, wiki hii hii." Nikaridhika. Kisha nikamgeukia Issa, nikamwambia kutangaza aibu za mwajiri wako hadharani ni kosa, na kwamba dawa ya fitina ni kiapo. Nikauleta Msahafu. Akaweka mkono wa kulia juu yake, mkono wenye mafuta ya mashine kwenye kucha, akaapa kwamba hatatoa neno la kampuni ile nje ya karakana.

Meneja sikumwapisha. Yeye aliahidi tu. Nimeifikiria jioni ile mara nyingi, na kila mara nauona Msahafu umekaa upande mmoja wa mkeka.

Wiki mbili hivi zikapita. Issa akaja asubuhi, chuo hakijaanza. Hakutaka kukaa.

"Maalim, hawakukagua. Na ule ufa umekua. Zamani nilikuwa nikiupitisha ukucha unateleza juu yake. Sasa ukucha unaingia."

"Umewaambia wenyewe?"

"Nimewaambia mpaka wamenihamishia kuosha ndege. Nataka kwenda serikalini, kwa wakubwa wa usafiri wa anga. Lakini nimeapa mbele yako. Nimekuja kuuliza, nina njia?"

Ndugu msomaji, nisome hapa polepole, maana dhambi yangu iko hapa. Kiapo nilichomlisha kilikuwa ujinga. Nilichofanya asubuhi ile hakikuwa ujinga. Jibu nilikuwa nalo. Nililisomesha darsani mwezi ule ule. Mtu akiapa juu ya jambo, kisha akaona kheri iko upande mwingine, ataifanya ile kheri na kukitolea kafara kiapo chake. Atawalisha maskini kumi chakula cha kawaida anachokula na watu wake, au atawavisha, na asiyeweza atafunga siku tatu. Ni jambo la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Ningeitamka, angeondoka pale akapanda basi la mjini.

Lakini siku iliyotangulia meneja alikuwa ameniahidi mabati ya chuo. Na zaidi ya mabati, ndugu yangu, ni haya. Wakubwa wangemuuliza Issa kwa nini alikaa kimya wiki mbili, naye angesema Maalim aliniapisha. Niliona ile picha yangu ya chini ya bawa.

Nikamwambia, "Kiapo cha Msahafu si mchezo, Issa. Ukikivunja utakuja kujibu mbele ya Mola wako."

Kila neno katika hayo ni la kweli. Ndiyo maana yalimvunja nguvu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, Maalim. Shikamoo," akaondoka. Alinipa shikamoo wakati wa kuaga, kama mtu aliyechanganyikiwa.

Masika ile tukapata msiba Lindi, kwa upande wa shemeji yangu. Dada yangu mkubwa, mjane, ninayeishi naye, alitaka kwenda. Barabara ilikuwa imekatika. Meneja aliposikia akaleta tiketi mwenyewe, hidaya, akaisukuma chini ya Kurani yangu kwa adabu.

Dada akaniuliza wakati anafunga kanga zake. "Ndugu yangu, hicho Kiberiti ni kizima?"

"Kimesomewa," nikasema.

"Najua kimesomewa. Nauliza ni kizima?"

Nikamjibu kwamba anayemtegemea Mungu hapotei. Akanitazama, akacheka kidogo. "Haya. Nikirudi nitakuletea korosho."

Msije mkauliza kama nilijua angepanda ile ya mstari wa bluu. Sikuuliza nisije nikajua. Nilimsindikiza hadi getini, nikarudi chuoni. Tulikuwa katikati ya aya Kiberiti kilipopita juu ya paa. Nikanyamaza. Watoto wakaweka vidole juu ya neno. Kikapita, nikaendelea kusomesha.

Kabla ya Adhuhuri alikuja mlinzi wa ofisi yao, hakuja meneja. Alisimama mlangoni akivua kofia na kuivaa. Akasema ndege imeanguka wakati wa kutua, uwanja ulikuwa na tope, mguu ukakatika, bawa likachimba chini.

"Mguu upi?" nikamuuliza.

"Ati?"

"Mguu upi?"

"Wa kushoto, Maalim."

Watu wanne walikufa, rubani akiwamo. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule aliyekuwa anakwenda kwa wazazi wake kuwaonyesha mtoto wake. Mtoto alipona. Dada yangu alivunjika nyonga, akaletwa mjini na kulazwa hospitali kuu.

Sasa mtazame kampuni ilivyo. Kabla maiti hazijazikwa zote, meneja alishawaambia wapelelezi kuwa fundi wa zamu alikuwa Issa. Daftari la hitilafu lilikuwa jeupe, na ukurasa wa mwisho ukasema ndege imekaguliwa, iko sawa. Sahihi haikuwa ya Issa, lakini nani atajua sahihi ya fundi? Wakamkamata. Walipomuuliza anajua nini juu ya mguu wa kushoto, alisema, "Siwezi kusema." Wakamuuliza mara ya pili, akasema hivyo hivyo. Wakamweka mahabusu. Mtaani wakasema kumbe ndiye, mtu asiye na hatia anakosaje la kusema? Na wapo waliomkumbuka alivyokuwa akiwakataza watu kupanda, wakasema basi alijua, labda aliulegeza mguu mwenyewe.

Na mimi nikanyamaza. Nilikwenda kwenye mazishi ya waliozikwa huku kwetu, nikasoma talakini, nikapokea mikono ya pole.

Siku kama kumi hivi zikaenda. Nikiwa hospitali na dada, mke wa Issa akaja kumwona. Wakaongea ya kike, kisha yule binti akaanza kulia. Akamweleza dada kila kitu, kile kiapo, na ile asubuhi mumewe alipokuja kuuliza njia. Hakunilaumu. Alisema kwa adabu, "Mume wangu amefungwa na kiapo, mama. Maalim alimwambia hakina njia."

Dada alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa vyuma. Akaugeuza uso kwangu.

"Si wewe uliyetufundisha?" akasema. "Maskini kumi?"

Nikajitia kuuweka sawa mto wake.

"Mie nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Mke wa Issa siku ile alikuwa ana mtoto mgonjwa hakuja. Ulisema asiyeweza atafunga siku tatu. Tena Bi Tatu akauliza zifuatane au zisifuatane, ukamjibu." Akapumzika, maana maumivu yalimkata. "Ulilisahau?"

"Sikulisahau."

Akageuza uso ukutani. Dada yangu huyu ndiye aliyenilea.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa wapelelezi. Niliwaambia yote, ya chaki, ya daftari, ya suluhu yangu. Afisa aliyekuwa akiandika aliinua kalamu akaniuliza, "Mzee, wewe ulijua lini?" Nikamtajia. Akahesabu siku kwa ncha ya kalamu hadi ile ya ajali, akaendelea kuandika.

Kisha waliniruhusu kumwona Issa. Alikuwa amekonda, kucha zake zimekuwa safi.

"Sema, mwanangu," nikamwambia. "Waambie kila unachojua. Kafara nitakutolea mimi. Maskini kumi, nitawapikia kwangu."

"Kwa hiyo njia ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

"Tangu siku ile nimekuja?"

"Tangu siku ile."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningejua pa kuushika msiba wangu. Akasema tu, "Sihitaji mchele wako, Maalim. Kazi sina, hela sina. Siku tatu nazimudu." Akafunga siku tatu humo humo mahabusu, ya nne akasema yote. Baada ya muda wakamwachia.

Kampuni haikupata kilichoistahili. Mwenye mali alikuwa ameshaondoka nchini. Meneja alisumbuliwa, akapelekwa huku na huku, jalada likawa zito kisha likawa jepesi. Ile ndege ya pili waliipaka rangi mpya na kuandika jina jipya ubavuni. Siku hizi inapita juu ya paa langu kila asubuhi ikielekea kusini. Naijua kwa sauti. Ofisini kwao, nimeambiwa, kuna fremu mpya: kampuni haijawahi kupata ajali. Na safari hii ni kweli, kwa kuwa jina halijatimiza mwaka. Nimewaandikia wakubwa barua nne. Hawajanijibu hata moja. Nimesimama Ijumaa pale pale aliposimama Issa, nikawaambia watu wasiipande. Wengine wakanong'ona kuwa mzee ameanza kuchanganyikiwa. Nimeonja alichokionja.

Kisima kipo, na watu wanatawadha. Sikuwakataza, maji hayana kosa. Mimi natoka na kopo langu nyumbani.

Issa hakuna kampuni ya ndege inayomtaka. Anapiga randa Keko kwa mafundi wa vitanda. Tukikutana njiani ananipa shikamoo, nami namjibu marahaba, na anapita kwenda kusali msikiti wa mbali. Ni mwendo mrefu kwa mguu. Sijathubutu kumuuliza kwa nini.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani, nikadhani amekuja kwangu. Alikuwa amebeba kiti cha mninga alichokitengeneza mwenyewe kwa ajili ya dada yangu, kwa sababu nyonga haimruhusu tena kusujudu na anasali amekaa. Alikiweka uani. Kabla hajamkaribisha, alikikalia yeye, akajitupa kwa uzito wake wote. Akainuka, akakipindua, akashika mguu mmoja mmoja, minne yote, akipitisha ukucha kila penye kiungo. Akarudia wa kushoto. Ndipo akasema, "Kaa, mama. Hiki ni kizima."

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimesoma dua nyingi maishani mwangu, na sikuwahi kuona dua kama ile.

Basi nawaonya. Wewe mwalimu mwenzangu, ukiulizwa jambo na jibu unalijua, liseme lote, hata kama nusu yake itakugeukia. Usimwapishe mnyonge ukamwacha mwenye nguvu aahidi. Na wewe msafiri, ukionyeshwa cheti ukutani na picha ya mzee mwenye chetezo, uliza daftari liko wapi na fundi anasema nini. Fundi akinyamaza, uliza nani amemnyamazisha. Anaweza kuwa mtu kama mimi.

Mola akulinde wewe uliyenisoma hadi hapa. Akufikishe kila uendako na akurudishe kwa wanaokungoja, akujaalie miguu ya kusujudia na ulimi usioficha haki, na awarehemu wale wanne. Amin.